Nakala Rudufu za Data za Simu: Faili, Ufunguo na Mwenye Ufunguo

Ndani ya simu janja mna vitu viwili ambavyo watumiaji wengi huvihesabu kuwa kimoja: programu zenyewe, ambazo yeyote anaweza kuzipakua upya kutoka Play Store au App Store, na data za programu hizo, yaani ujumbe uliotumwa na kupokewa, picha, sauti, majina, maandishi na mipangilio ambayo mwenye simu ameikusanya kidogo kidogo kwa miaka. Programu ikifutika hurudi baada ya dakika chache, tena hurudi vilevile ilivyokuwa, lakini data zikifutika hazina duka la kuzipakua, na kama hazikuwa na nakala mahali pengine basi zimekwenda. Nakala inayotengenezwa mapema, kwa nia ya kurejeshwa pale ya asili itakapopotea, ndiyo nakala rudufu, au bekapu kama wanavyoiita mafundi simu kuanzia Kariakoo, Dar es Salaam, hadi Luthuli Avenue, Nairobi. Wengi huamini kwamba wanayo kwa sababu tu simu iliwahi kuwauliza swali nao wakabonyeza kukubali. Hilo halitoshi, kwani nakala rudufu ina sehemu tatu, ambazo ni faili lenyewe, ufunguo wa kulifungua na utambulisho wa mtu anayeruhusiwa kulitumia, na ikikosekana mojawapo, mbili zilizobaki huwa hazina faida.

Kabla ya kuulizia nakala, ni lazima kujua data za asili zinakaa wapi, maana si programu zote huhifadhi vitu mahali pamoja. Salio la M-Pesa, huduma iliyoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, halimo ndani ya simu hata kidogo: limo katika kompyuta kuu za kampuni, zinazoitwa seva, na simu hutumika tu kuliulizia na kutoa maagizo. Aliyeibiwa simu hana faili la kutafuta ili apate fedha zake. Anachohitaji ni kuirejesha laini yake na kuwa ameilinda namba yake ya siri. Telegram nayo huweka mazungumzo ya kawaida katika seva zake, isipokuwa yale ya siri, ambayo hubaki katika vifaa viwili vilivyoyaanzisha. WhatsApp iko upande mwingine kabisa, kwa sababu seva zake hupitisha ujumbe na, ukishamfikia mpokeaji, huufuta, hivyo kwamba mazungumzo ya miaka kumi hukaa katika simu za wazungumzaji wenyewe. Ni kwa sababu hiyo, na kwa sababu katika Afrika Mashariki programu hiyo hubeba kumbukumbu za vikundi vya kuweka na kukopa kama VICOBA na vyama, michango ya harusi na misiba, oda za wafanyabiashara wadogo na picha za risiti, kwamba makala hii itaitumia WhatsApp kuwa mfano wake mkuu, hasa katika simu za Android.

Mfumo wa Android huipa kila programu folda yake ya faragha, ambayo programu nyingine haziruhusiwi kuisoma na ambayo hata mwenye simu haioni anapofungua orodha ya mafaili yake. Humo WhatsApp huweka hifadhidata yake, yaani faili lililopangwa kwa namna ya majedwali ili ujumbe mmoja upatikane haraka kati ya malaki, na faili hilo huitwa msgstore.db. Limejengwa kwa SQLite, aina ya hifadhidata ndogo ambayo Mmarekani D. Richard Hipp aliianza mwaka 2000 na ambayo leo imo katika simu za Android na iPhone pia. Ulinzi wa folda hiyo una maana kubwa, kwa kuwa bila huo programu yoyote ya tochi au ya mchezo ingeweza kusoma mazungumzo ya ndoa na ya biashara. Lakini ulinzi uleule humzuia mwenye data kuinakili hifadhidata yake kwa mkono. Kwa hiyo kazi ya kunakili hufanywa na programu yenyewe, ambayo huitoa hifadhidata nje ya folda ya faragha ikiwa imesimbwa kwa fiche, maana yake ikiwa imegeuzwa kwa hesabu hata isisomeke na asiye na ufunguo.

Nakala hiyo hutengenezwa kila siku mnamo saa nane usiku. Katika simu zenye Android 11 na kuendelea hupatikana kwa kufuata njia ya Android, media, com.whatsapp, WhatsApp, kisha Databases, na anayefungua folda hiyo ya mwisho atakuta faili la karibuni zaidi likiitwa msgstore.db.crypt14 au crypt15, pamoja na mengine ya siku zilizotangulia ambayo tarehe yake imo ndani ya jina, kwa mfano msgstore-2025-03-05.1.db.crypt14. Namba inayofuata neno crypt haihesabu mafaili. Inataja toleo la usimbaji lililotumika, na kuibadilisha kwa mkono hulifanya faili lisitambulike. Programu hubakiza nakala za siku zisizozidi saba, kila moja ikiwa ni hifadhidata nzima wala si nyongeza ya siku hiyo tu, na hapo ndipo simu yenye nafasi finyu huanza kulalamika. Mwenye shida ya nafasi anaweza kufuta zile za tarehe za nyuma bila kudhuru mazungumzo yanayoendelea, mradi asiliguse faili la karibuni na awe ameshahakikisha kwamba ipo nakala nyingine nje ya simu.

Lipo kosa moja ambalo limewapotezea watu vitu vya thamani kubwa, nalo ni kudhani kwamba faili la msgstore lina kila kitu. Ndani yake mna maandishi na taarifa za nani alituma nini na lini, lakini picha, video, sauti na nyaraka hukaa katika folda ya jirani iitwayo Media, yenye vijumba vyake vya WhatsApp Images, WhatsApp Video, WhatsApp Voice Notes na WhatsApp Documents. Anayenakili folda ya Databases peke yake atarejesha mazungumzo yenye nafasi tupu pale zilipokuwa picha, na sauti ya mzazi aliyefariki, ambayo kwa familia nyingi ndiyo iliyobaki, haitakuwamo. Njia salama ni kuinakili folda nzima ya WhatsApp kwa waya hadi kwenye kompyuta, au kwenye flashi inayochomekwa katika simu, jambo ambalo halitumii bando wala intaneti. Tofauti na hifadhidata, vitu vya folda ya Media havikusimbwa, kwa hiyo husomeka hata bila WhatsApp; hii ni neema siku ya kupotelewa na hatari siku flashi inapoangukia mikononi mwa mtu mwingine.

Suala la ufunguo ndilo linaloeleweka kwa uchache zaidi. Ufunguo wa nakala ya kawaida ya WhatsApp haumo ndani ya faili, kwani ungekuwamo usingekuwa na kazi. Programu huupata kutoka seva za kampuni baada ya namba ya simu kuthibitishwa upya, kwa kawaida kwa ujumbe mfupi wenye tarakimu sita. Matokeo yake ni kwamba mwenye faili lililo salama kabisa katika kompyuta, lakini ambaye laini yake imefungwa kwa kutotumika na namba yake ikauzwa upya na kampuni ya simu, ana faili asiloweza kulifungua. Ndiyo maana kuitunza laini, kwa kuiwekea vocha mara kwa mara na kuhakikisha imesajiliwa kwa jina la mwenyewe badala ya la ndugu au la wakala, ni sehemu ya kutunza nakala rudufu. Ndiyo maana vilevile anayeahidi kufungua faili la crypt la mteja kwa programu ya kompyuta, bila namba yake wala ufunguo, anafaa kutiliwa shaka kabla ya kulipwa.

Nakala ya ndani ya simu ina udhaifu ulio wazi: simu ikiibwa, ikianguka majini au ikirudishwa katika hali ya kiwandani, faili la asili na nakala yake hupotea pamoja. Kwa sababu hiyo zipo nakala za mtandaoni, ambazo kwa Android hupelekwa Google Drive na kwa iPhone hupelekwa iCloud, yaani katika seva za kampuni hizo, mahali panapozoeleka kuitwa wingu. Nakala hizi zina tabia ambazo mtumiaji hana budi kuzijua. Kwanza, tofauti na zile za siku saba ndani ya simu, Google Drive huweka nakala moja tu ya WhatsApp kwa namba na akaunti husika, na kila nakala mpya huifuta iliyotangulia. Mtu anayesakinisha WhatsApp katika simu mpya, akaulizwa kama anataka kurejesha mazungumzo, akaruka swali hilo kwa haraka na kuanza upya, anaweza kuamka kesho yake akakuta nakala tupu ya saa nane usiku imeandikwa juu ya ile ya miaka mingi. Swali lile huulizwa wakati wa kujisajili tu, na linastahili kusomwa kwa utulivu.

Pili, nakala za mtandaoni zina masharti yaliyotungwa na watu wanaoishi penye Wi-Fi. Nakala ya jumla ya Android, inayochukua mipangilio na data ndogo ndogo za programu mbalimbali, hufanyika yenyewe pale simu inapokuwa imepumzika, zimepita saa 24 tangu nakala ya mwisho, na imeunganishwa na Wi-Fi, isipokuwa mwenyewe aruhusu bando litumike. WhatsApp nayo haitumii bando kwa kazi hiyo mpaka iruhusiwe. Kwa mtumiaji wa Nairobi mwenye intaneti ya nyumbani sharti hilo halina uzito, lakini kwa mkulima wa Mbozi au mvuvi wa Kilwa, ambaye hununua bando la siku na hajawahi kuiunganisha simu yake na Wi-Fi, lina maana kwamba nakala aliyoikubali miaka mitatu iliyopita huenda haijawahi kutengenezwa hata mara moja. Huu ni upungufu wa haki katika jinsi simu zilivyobuniwa, na hauonekani kwa sababu simu haimpigii mtu kelele ya kutosha kumwambia kwamba nakala imeshindikana. Dawa yake ni kufungua mipangilio ya mazungumzo katika WhatsApp na kusoma tarehe ya nakala ya mwisho, ambayo huandikwa waziwazi, kisha kuruhusu bando litumike mara moja kwa mwezi, pengine bila kuzijumuisha video, ambazo ndizo nzito kuliko vyote.

Tatu ni nafasi. Google humpa kila mwenye akaunti gigabaiti 15 bila malipo, zinazogawanywa kati ya Gmail, Google Photos na Drive, na Apple hutoa gigabaiti 5 katika iCloud. Tangu mwishoni mwa mwaka 2018 nakala za WhatsApp za Android hazikuhesabiwa katika gigabaiti hizo 15, lakini msamaha huo uliondolewa kwa awamu kuanzia Desemba 2023 hadi katika mwaka 2024, na tangu hapo mwenye video nyingi za makundi hujaza nafasi yake yote bila kujua, hata barua pepe zikaacha kuingia. Kufuta video zilizosambazwa mara nyingi na vichekesho vya makundi kabla ya kutengeneza nakala ni nafuu kuliko kununua nafasi zaidi.

Nani basi anaweza kuisoma nakala iliyoko mtandaoni? WhatsApp ilisimba ujumbe wenyewe kutoka mwisho hadi mwisho, yaani kati ya mtumaji na mpokeaji bila wa katikati kusoma, tangu Aprili 2016, lakini nakala zilizopelekwa Google Drive na iCloud hazikuwa na ulinzi wa aina hiyo hadi Oktoba 2021, ulipoanza kutolewa kwa hiari ya mtumiaji. Anayeuchagua hutunga nenosiri, au hupewa ufunguo wa tarakimu na herufi 64, na tangu hapo si Google wala Apple wala WhatsApp wanaoweza kulifungua faili lile. Uhuru huo una gharama yake. Akisahau nenosiri wakati simu bado iko mkononi na programu inafanya kazi, anaweza kulibadilisha. Akilisahau baada ya simu kupotea, hakuna ofisi ya kwenda kuomba. Uzito wa jambo hili ulionekana Uingereza mnamo Februari 2025, ambapo Apple iliondoa kwa watumiaji wapya wa nchi hiyo ulinzi wake wa hali ya juu wa data za iCloud, ule unaoiacha hata kampuni yenyewe bila ufunguo, kufuatia shinikizo la serikali iliyotaka njia ya kuzifikia data hizo. Serikali isingejisumbua hivyo kama mwenye faili na mwenye ufunguo wangekuwa siku zote mtu mmoja.

Kwa watumiaji wa Afrika Mashariki, utambulisho, ile sehemu ya tatu ya nakala rudufu, hupotea kwa njia iliyo ya kawaida zaidi. Si jambo geni kwa muuza simu, au kijana wa jirani, kumfungulia mteja akaunti ya Google papo hapo dukani, kwa anwani aliyoibuni yeye na nenosiri ambalo halikuandikwa popote, ili tu Play Store ifunguke. Mteja huondoka na simu inayofanya kazi, na kwa miaka nakala zake huenda katika akaunti ile asiyoijua. Siku anayopata simu mpya anaambiwa aingie katika akaunti aliyokuwa akiitumia, naye hana jibu. Simu nyingi zilizotoka na Android 5.1 au toleo la baadaye, baada ya kurudishwa katika hali ya kiwandani bila akaunti kuondolewa kwanza, hudai pia akaunti ileile iliyokuwamo, na fundi anapoombwa kuiflashi, yaani kuiwekea mfumo wake upya, ili kupita kizuizi hicho, data zote zilizokuwa ndani huwa zimeshafutika. Anayesoma makala hii na hajui anwani ya akaunti iliyomo katika simu yake aitafute katika mipangilio leo, aibadilishe nenosiri iwe yake kweli, na aongeze namba yake ya simu ya kurejeshea akaunti.

Inapotokea haja ya kurejesha nakala ya zamani ya ndani ya simu, labda kwa sababu mazungumzo muhimu yalifutwa juzi, utaratibu ni huu: folda nzima ya WhatsApp hunakiliwa kwanza mahali pengine, programu huondolewa katika simu, faili la tarehe inayotakiwa huondolewa tarehe katika jina lake ili libaki msgstore.db.crypt14, bila kuigusa namba ya mwisho, kisha hurudishwa katika folda ya Databases kabla ya programu kusakinishwa upya na namba kuthibitishwa. Ujumbe wote uliokuja baada ya tarehe ile hautakuwamo, kwa hiyo ni uamuzi wa kupata na kupoteza kwa wakati mmoja. Watumiaji wa matoleo ya WhatsApp yaliyochezewa na watu wengine, kama GB WhatsApp, hawana uhakika huu, kwa kuwa WhatsApp yenyewe haiahidi kwamba mazungumzo yao yatahamia katika programu halisi.

Programu nyingine zina hali zao. Nakala ya jumla ya Android hutenga megabaiti 25 tu kwa kila programu, na mtengenezaji wa programu anaweza kuizuia kabisa. Google huifuta nakala ya kifaa kisichotumika kwa siku 57. Programu za kutoa namba za uthibitisho wa kuingia katika akaunti ni hatari zaidi zikipotea, na Google Authenticator, kwa mfano, haikuwa na njia ya kuhifadhi namba hizo mtandaoni hadi Aprili 2023. Namba za dharura zinazotolewa na benki au huduma ya barua pepe ziandikwe katika karatasi. Inafaa pia kutofautisha nakala rudufu na ulinganishaji, ambao huzifanya simu na seva zifanane wakati wote: picha ikifutwa katika Google Photos hufutwa pande zote mbili, na hukaa katika pipa la taka siku 60 kabla ya kutoweka kabisa.

Wataalamu wa kompyuta hupendekeza nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali na nyumbani, na kwa mtu wa kawaida hilo hutimizwa na data zilizomo ndani ya simu, nakala ya mtandaoni, na folda iliyonakiliwa katika flashi au kompyuta kila mwisho wa mwezi. Katibu na mweka hazina wa kikundi wana wajibu mkubwa zaidi, kwa kuwa simu zao hubeba majina, namba na malipo ya watu wengine, taarifa ambazo Kenya ilizitungia sheria ya ulinzi mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022. Wanaombwa waandike michango katika daftari pia, wasiuze simu ya zamani kabla nakala haijarejeshwa na kufunguka katika simu mpya, na kabla ya mkutano ujao wa kikundi wawe wameisoma tarehe ya nakala yao ya mwisho.